Mafundi Wawili na Kitanda cha Mwanamkuu

Hapo zamani, si zamani ile fisi alipovaa kanzu akaenda arusini, bali zamani hii ya karibu, ambayo ukiigusa bado ina joto, palikuwa na mtu akiitwa Singano, na Singano alikuwa na gari. Lilikuwa kipanya kikuukuu, cha aina ile ambayo injini hukaa chini ya viti vya mbele. Ukitaka kuiona sharti uinue kiti, kama unavyomwinua mgeni aliyekalia mkoba wako.

Kazi ya gari ilikuwa moja. Lilishusha kabichi, karoti na matunda damu kutoka Lushoto, juu mlimani kwenye baridi, mpaka Mombo, chini bondeni kwenye joto. Kisha likapandisha chumvi, unga na sabuni. Kupanda, kushuka. Watu wa juu walilijua kwa mlio, watu wa chini walilijua kwa mlio, na mtu pekee ambaye hakulijua hata kidogo alikuwa mwenye gari.

Maana Singano alikuwa mtu wa safari, si mtu wa vyuma. Ujanani alikuwa utingo wa malori. Alifika Lubumbashi, alifika Kigali, alikula samaki Mpulungu, na aliweza kuomba maji ya kunywa kwa lugha saba. Lakini muulize kabureta iko wapi, atakuonyesha rejeta. Mwenyewe alikuwa akisema hivyo, akijicheka kabla hujamcheka: "Mimi na injini ni kama mimi na mama mkwe. Tunasalimiana kwa mbali, na wote wawili tunaomba iwe hivyo hivyo."

Basi siku moja, kwenye kona za juu ya Soni, injini ikapiga kishindo, ikatema kipande cha chuma ubavuni, ikanyamaza. Gari likashuka Mombo likivutwa kwa kamba na lori la mbao. Pale sokoni watu wakalizunguka kama wanaozunguka jeneza. Mmoja akasema, "Poleni." Mwingine akauliza, "Limeugua muda mrefu?"

Sasa Singano alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona watu wamekusanyika, lazima aseme. Akapanda juu ya bampa, akapiga kofi bati la juu ya kioo.

"Jamani! Mtu atakayelifufua gari hili, jina lake nitaliandika hapa, kwenye paji la uso, kwa herufi kubwa. Na litakaa hapo mpaka gari liwe banda la kuku!"

Watu wakapiga makofi. Na msidhani ni jambo dogo. Katika barabara ile, gari huitwa kwa jina la paji lake. Watoto hulipigia kelele wakiliona linatokeza konani. Mtu ambaye jina lake liko pale hutajwa juu na chini na watu wasiomjua sura. Singano alitoa ahadi ya ukubwa huo, nayo ilitoka mdomoni bila kupitia kichwani.

Wa kwanza kuitika alikuwa Fundi Hoza wa Mombo, mwanamume mrefu, mpole, mpenda chai. Alikwenda Tanga, akazunguka kwenye marundo ya injini zilizotumika, akainamia hii, akagonga ile, mpaka akaipata aliyoitaka. Akaileta nyumbani imefungwa magunia. Ila haikuwa injini ya gari lile. Ilikuwa ya gari la jamaa yake, kama ndugu wa kambo.

"Moyo ni mzima," akasema Hoza. "Miguu ndiyo haifanani. Hapa inapokaa sharti niitengenezee vikalio vipya. Nipatie vyuma vigumu, bosi, virefu hivi."

Singano akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akaenda nyumbani na msumeno.

Mkewe, Mwanamkuu, alikuwa kwa dada yake Bumbuli. Aliporudi alikuta godoro limelala sakafuni.

"Baba Mbonea."

"Naam."

"Kitanda kiko wapi?"

"Kimepata kazi."

"Kazi gani?"

"Kimebeba injini."

Mwanamkuu akaweka kikapu chini polepole. "Kitanda alichonipa mama yangu siku nilipoolewa?"

"Si chote, mke wangu. Chaga zipo."

Mwanamkuu hakupiga kelele. Alitandika godoro pale pale sakafuni, akalala, akageukia ukuta. Singano alisema baadaye kwamba amepita mipaka mingi na kuulizwa na askari wengi, lakini hajawahi kuhojiwa kama alivyohojiwa na mgongo ule.

Hoza akakata vile vyuma vya kitanda, akavichomelea, akaishusha injini juu yake. Ikakaa. Akaunga mabomba, akaunga nyaya, akaiwasha. Ikaunguruma kwa kuyumba kama mlevi aliyeitwa mbele ya hakimu. Ndipo Hoza akaanza kuitegea sikio. Na yeye alikuwa na namna yake: aliagiza bilauri ya chai ya rangi, akaiweka juu ya injini inayonguruma, akashika bisibisi, akaanza kuzungusha skrubu ndogo ya kabureta, ile inayopima petroli na hewa. Kidogo kulia. Kidogo kushoto. Chai ikitetemeka, bado. Chai ikitulia, imekubali. Ikatulia. Hoza akatia tone la rangi nyekundu ya kucha mahali mlango wa skrubu, ule ufa wa kutilia bisibisi, ulipoelekea, kuwa alama, kisha akanywa ile chai.

"Nenda, bosi. Limefufuka."

Gari likapanda.

Mpaka Soni liliimba. Baada ya Soni likaanza kukohoa. Lilipoingia Lushoto lilikuwa linatikisika na kutoa moshi mweusi, na mama mmoja aliyekuwa ameanika nguo zake akatamka maneno ambayo Singano hakuwa ameyasikia tangu Lubumbashi.

Lushoto alikuwako Fundi Kaoneka, mfupi, mwenye koti zito na kofia ya sufu, na pua aliyoiamini kuliko macho. Akazunguka nyuma ya gari, akanusa.

"Limevimbiwa hili. Petroli nyingi. Nani kaligusa?"

"Fundi Hoza wa Mombo."

"Aa. Ndiyo maana."

Akatoa kitambaa cheupe, akakikinga kwenye bomba la moshi, kikachafuka. Akazungusha skrubu. Kikachafuka kidogo. Akazungusha tena, mpaka kitambaa kikabaki cheupe kama cha bwana arusi. Injini ikaimba. Kaoneka akatia alama yake, tone la kijani, rangi ya kucha ya mkewe.

"Sasa ndiyo limefufuka," akasema. "Ulichokuja nacho kilikuwa maiti inayotembea."

Gari likashuka limejaa kabichi.

Mpaka Soni liliimba. Baada ya Soni, joto lilipoanza, likaanza kupasuka: pa! pa! Mbuzi wakatoka barabarani bila kuambiwa. Lilipofika Mombo lilikuwa linachemka na kushtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi.

Hoza akainua kiti, akaangalia.

"Petroli imebanwa. Lina njaa hili. Nani kaligusa?"

"Fundi Kaoneka wa Lushoto."

"Aa. Ndiyo maana."

Akaagiza chai. Akarudisha skrubu kwenye nyekundu. Chai ikatulia. Gari likapanda. Kaoneka akatoa kitambaa, akarudisha skrubu kwenye kijani. Gari likashuka. Hoza akaagiza chai. Chini likiimba, juu linalia. Juu likiimba, chini linalia.

"Mimi sielewi," akasema Singano. "Mimi nashika usukani tu."

Lakini hakushika usukani tu. Alibeba na maneno, na kwa kuwa alikuwa mcheshi, aliyatia chumvi njiani. Juu alisema, "Hoza anasema pua yako ni ya kunusia mchuzi." Chini alisema, "Kaoneka anasema wewe si fundi, wewe ni mnywa chai mwenye bisibisi." Alicheka sana. Alicheka peke yake. Safari iliyofuata Kaoneka aliikandika ile skrubu gundi isizungushwe. Hoza akaibandua gundi kwa patasi, akairudisha Lushoto kwenye karatasi, imefungwa vizuri kama zawadi.

Singano akachanganyikiwa. Akawaza: mmoja kati ya hawa ananiharibia gari. Lakini yupi? Kwa Hoza aliona chai imetulia kwa macho yake. Kwa Kaoneka aliona kitambaa cheupe kwa macho yake. Wote wawili wasema kweli, na gari bovu! Akawaza labda amerogwa. Akawaza labda injini ya kambo haipendi mlima. Akawaza labda gari limekuwa kama mume wa wake wawili, kila anakolala analalamikia alikotoka. Na wakati akiwaza, wenye kabichi wakaanza kutafuta gari jingine, maana kabichi haingoji mwenye gari amalize kuwaza.

Siku hizo Mwanamkuu alikuwa anapanda gari kila safari. "Kitanda changu kikienda, nami nakwenda," alisema, akakaa kiti cha mbele, juu kabisa ya vyuma vya mama yake. Yeye aliuza maharage ya kupikwa, siku za soko la chini akiuza chini, siku za soko la juu akiuza juu.

Basi walipofika Soni, katikati ya mlima, Singano akasimama kutia maji. Akajiinamia kwenye usukani.

"Mke wangu, mimi sielewi."

"Tangu lini ukaelewa?" akasema Mwanamkuu. Kisha akaitazama sufuria yake pale miguuni. "Maharage yangu hivyo hivyo."

"Maharage yamefanyaje?"

"Sufuria ile ile, mkaa ule ule, maharage ya gunia moja. Mombo yanaiva hata nazi sijamaliza kukuna. Lushoto napuliza mpaka machozi yanatoka, nayo yamekaa magumu kama changarawe. Na sijawahi kwenda kumwambia aliyeniuzia kwamba kaniroga."

"Sasa maharage na gari wapi na wapi?"

"Sijui. Ila mlima unaigusa sufuria yangu. Ya kwako ina nini hata isiguswe? Inua kiti."

Singano akainua kiti. Mwanamkuu akachungulia, akaona lile tone jekundu, akaona lile la kijani, na skrubu imeelekea jekundu.

"Hili jekundu la nani?"

"La Hoza."

"Na la kijani la yule wa baridi?"

"Ndiyo. Lakini mke wangu, usi..."

Mwanamkuu alikwishatoa kisu chake cha kumenyea karoti. Akakitia kwenye mlango wa skrubu, akauelekeza katikati ya jekundu na kijani, kama mtu anayewagawia watoto muwa. Akafunga kiti, akakikalia.

"Washa. Na mdomo wako uufunge."

Gari likapanda. Lushoto likakohoa kidogo. Likafika. Gari likashuka. Mombo likapasuka kidogo, pa moja tu, wala mbuzi hakusogea. Likafika. Likapanda tena, likashuka tena, wiki kwa wiki. Wenye kabichi wakarudi. Kaoneka alipochungulia dirishani na kuuliza hali, Mwanamkuu alimwambia, "Shemeji, mkono wako umekubali." Hoza alipouliza, alimwambia, "Shemeji, mkono wako umekubali." Na Singano, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alinyamaza.

Ila ahadi haikunyamaza. Watu walianza kuuliza: gari limefufuka, paji la uso mbona tupu? Singano akamwita Tendwa, mchora mabango, siku ya soko Mombo. Kaoneka akashuka na gari, na koti lake zito, akitokwa jasho kama mtungi. Hoza akaja na bilauri yake. Tendwa akapanda juu ya kigoda, akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.

"Haya. Niandike nani?"

"Hoza," akasema Hoza.

"Kaoneka," akasema Kaoneka.

Wakatazamana. Kumbe kila mmoja alikuwa amekuja kwenye arusi yake mwenyewe.

"Wewe?" akasema Hoza. "Gari linakwenda kwa alama yangu nyekundu, huyu shemeji kaniambia!"

"Kijani!" akasema Kaoneka. "Huyu huyu shemeji kaniambia mimi!"

Watu wote wakamgeukia Mwanamkuu. Mwanamkuu akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Inueni kiti."

Wakainua. Wakainama wote wawili, vichwa vikagongana. Skrubu haikuwa kwenye jekundu. Haikuwa kwenye kijani. Ilikuwa katikati, na pembeni yake kulikuwa na uzi wa ganda la karoti, umekauka.

Kaoneka akauokota ule uzi, akaunusa. Kisha Mwanamkuu akawaeleza habari ya maharage, na Kaoneka akavua kofia yake ya sufu, akajipiga kofi pajani.

"Hewa! Juu hewa nyepesi, chini hewa nzito. Petroli inayoshibisha huku inavimbisha kule. Hoza, ndugu yangu, hukuwa unaharibu."

"Wala wewe," akasema Hoza. Wakapeana mikono, watu wakafurahi, na Singano akapumua, akidhani mambo yamekwisha.

"Basi niandike nani?" akauliza Tendwa.

Mikono ikaachiana.

Hoza akasema: "Sikilizeni. Ahadi ilikuwa kufufua. Gari lilikuwa na tundu ubavuni. Nani alikwenda Tanga? Nani alichagua moyo, akaukalisha, akaunga mishipa yote? Ningekaa nyumbani nikanywa chai yangu, kijani kingetiwa wapi, na karoti ingemenywa wapi? Na hicho alichofanya shemeji, kwa heshima yake, si kutega injini. Hiyo ni suluhu. Gari linakohoa kule, linapasuka huku. Bilauri yangu ikae juu yake muone kama haitamwagika!"

Kaoneka akasema: "Moyo ulitia, sikatai. Lakini moyo ukapiga mpaka Soni ukazimia. Sisi ni watu wa mlima. Gari lisilopanda mlima ni duka la vyuma. Aliyelifikisha Lushoto likaimba ni mimi. Tena huyo shemeji asema katikati. Katikati ya nini na nini? Ni mimi niliyetafuta mwisho wa juu kwa pua yangu, tone kwa tone. Ondoa kijani changu, uone kama katikati itabaki na kwao."

Mwanamkuu akasema: "Mmemaliza? Injini yenu imekaa juu ya nini? Juu ya kitanda cha mama yangu. Nyinyi mlitoa kazi, nami nilitoa nisichoombwa. Kila mmoja wenu alilitengeneza gari lilale kwake. Niliyelitengeneza lisafiri ni mimi. Niliwadanganya, ni kweli, kwa sababu mngejua mngelirudisha kila mtu kwake, na kabichi ingeoza. Sidai kitanda kipya. Nilitoka kwetu na jina, hapa nikawa Mama Mbonea, nikawa shemeji, nikawa mwenye maharage. Liandikwe moja hapo juu, nilisome nikipita."

Soko likagawanyika vipande vitatu, kila kipande kikipiga kelele.

Singano akainua mikono. "Tuandike yote matatu!"

"Paji la kipanya linachukua jina moja," akasema Tendwa. "Nikibana matatu, atakayeyasoma ni sisimizi."

"Basi tuandike Mungu Mkubwa."

"Mungu ni mkubwa," akasema Mwanamkuu, "lakini yeye hukumwahidi."

"Ukiniruka mimi," akasema Hoza kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, "siku moyo utakaposimama tena, Tanga utakwenda mwenyewe na lugha zako saba."

"Ukiniruka mimi," akasema Kaoneka akivaa kofia, "ukifika Lushoto na moshi wako usinijue."

"Ukiniruka mimi," akasema Mwanamkuu, "sitasema kitu. Nitachukua vyuma vyangu. Nimechoka kulala chini."

Singano akamtazama Hoza, akaona ana haki. Akamtazama Kaoneka, akaona ana haki. Akamtazama mkewe, akakumbuka ule mgongo. Akatafuta la kusema katika lugha zote saba, akakuta zote anaweza kuomba maji tu.

"Mimi sielewi," akasema. "Mimi nashika usukani tu."

"Usukani hakuna aliyekuomba," akasema Tendwa. "Nimeomba jina."

Gari lilikuwa linanguruma pale pale, likakohoa kidogo, likapasuka kidogo, kama linataka kusema na lenyewe. Tone la rangi nyeupe likadondoka kutoka kwenye brashi, likatua kwenye paji la uso, likaanza kuteremka.

Haya, nyinyi mliokaa kimya mkamcheka Singano kutwa. Yuko aliyetia moyo. Yuko aliyeupandisha mlima. Yuko aliyelalia sakafu ili moyo upate pa kulala, akawadanganya wote wawili kabichi isioze. Rangi inakauka, na Tendwa mkono umeanza kumuuma pale juu ya kigoda. Mwambieni: ni nani aliyelifufua gari lile, na herufi ya kwanza aandike ipi?